Kunoa Visu na Kuosha Vyombo

Nyinyi vijana mnaochoma nyama siku hizi mmepata bahati. Mna jiko la gesi, mna kipimajoto cha kudunga kwenye paja, mna simu ya kumpiga mbuzi picha kabla hajaliwa. Sisi tulikuwa na makaa, moshi na macho mekundu. Nilianza kuchoma hapa Kitengela, kando ya barabara ya kwenda Namanga, siku ambazo ng'ambo ya lami pundamilia walisimama wakitutazama kazini. Siku hizi ng'ambo ya lami kuna duka la vigae vya choo. Magoti yalipokataa kusimama mchana kutwa nikastaafu, na sasa naketi kwenye stuli pale mlangoni, mnanipitishia supu ya bure, mnaniita babu kwa Kikuyu na kuniuliza, "Guka, tuambie bana, hii nyama inakuwanga laini aje?"

Nitawaambia sasa hivi ili tumalizane na hilo. Makaa yasiwe na mwali. Weka kiganja juu ya wavu na uanze kusali Baba Yetu. Ukifika "mkate wetu wa kila siku" ndipo mkono ukatae, moto uko sawa. Ukifika "amina", huo ni moto wa kuota. Ukikwama kwenye "uliye mbinguni", unachoma kucha zako. Chumvi ije mwishoni. Usiidunge nyama kila dakika, maji yake ndiyo chakula. Ikitoka motoni iache ipumue kidogo kabla ya kisu. Basi, hiyo ndiyo siri yote, na haijazi kikombe.

Ninalotaka kuwaambia ni jambo jingine, ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nililifanya miaka mingi bila kulijua, na aliyeligundua ni mke wangu, Mama Wambui. Aliona kwamba kuna siku mimi hurudi nyumbani kutoka kazini nikaanza kunoa visu, na kuna siku hurudi nikaanza kuosha vyombo. Akaniambia, "Wewe Njoroge, huwa unaona vitu viwili tofauti huko, na hujui." Nikamwambia aache kunichunguza. Baadaye nikakaa nikafikiri, nikaona mama wa watu amesema kweli.

Nianze na visu.

Zamani sisi wachomaji wa Kitengela tulijua njia moja tu ya kukata nyama, nayo ni panga. Unaweka paja juu ya mbao, unainua mkono, na wateja wa meza ya kwanza wanafunika soda zao. Vipande vya mifupa viliruka kila upande. Kuna bwana mmoja aliyekuja kula na mchumba wake akaondoka na kipande kidogo cha ubavu kwenye nyusi, na hakuna aliyemwambia kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia.

Halafu mwenye bucha akamleta mtu kutoka Kajiado, Mmaasai mrefu aitwaye Lemayian. Alifika amevaa shuka na koti la suti, na viatu vya tairi. Nikamsalimia "Sopa" ili kumwonyesha kuwa mimi si mgeni, naye akajibu "Epa" akanitazama akingoja niendelee, nami sikuwa na neno jingine la Kimaasai mfukoni. Akaomba matawi mabichi, akayatandaza chini, akamlaza mbuzi juu yake. Kisha akatoa kisu. Nilitaka kucheka. Kisu kilikuwa kimeliwa na jiwe la kunolea mpaka kikabaki na upana wa kidole. Nikajiambia leo tutakula kesho.

Lemayian akaanza kutusimulia habari za ng'ombe wa kaka yake aliyepotea akapatikana kwenye uwanja wa shule, ndani ya goli. Alikuwa akitutazama sisi, si mbuzi. Na huku anaongea, mbuzi akaachana. Sijui niseme vipi. Hakukatwa, aliachana. Mguu ukatoka, bega likatoka, ubavu ukatoka mmoja mmoja, na sikusikia kisu kikigusa mfupa hata mara moja. Hadithi ya ng'ombe ilipoisha, mbuzi naye alikuwa ameisha, amepangwa juu ya majani, na shuka ya Lemayian haikuwa na tone la damu.

Nikamuuliza anafanyaje. Akachukua kidole changu akakipitisha kwenye kiungo cha goti la mbuzi. "Kila kiungo iko na mlango," akasema. "Nyinyi mnapiga ukuta."

Vijana, nywele za mikono yangu zilisimama. Nilijikuta nacheka peke yangu, mdomo wazi, mpaka nzi akaingia. Sikutaka kwenda nyumbani, na papo hapo nilitaka kukimbia nyumbani. Nilipofika nikatafuta jiwe nikanoa kisu changu cha kazi, nikanoa cha akiba, nikanoa cha jikoni cha Mama Wambui, nikanoa mkasi wa cherehani, na kama jua halingezama ningenoa jembe. Kesho yake Mama Wambui akakata sukuma wiki kwa nguvu zake za kila siku, akajikata kidole. Akakifunga kitambaa akaniuliza, "Jana ulikutana na nani?"

Msichanganye jambo hili na wivu. Wivu naujua pia. Kulikuwa na jirani mmoja ng'ambo ya barabara, simtaji jina kwa sababu watoto wake hunisalimia kanisani, ambaye mbavu zake zilipendwa kuliko zangu. Nikimtazama yeye sikunoa chochote. Nilikuwa naomba mvua inyeshe upande wake tu. Kwa Lemayian sikutaka kimpungukie kitu. Nilitaka kisu chake kibaki vilevile, na changu kiamke. Nilikaa naye pale buchani miaka, nikajifunza milango yote ya mbuzi, na ya ng'ombe karibu yote.

Kitu kingine nilichojifunza kwake ni kwamba kwao nyama ina wenyewe. Kipande hiki ni cha wazee, hiki ni cha akina mama, hiki ni cha vijana, na huwezi kumpa mtu cha mwingine eti kwa sababu ana njaa. Lemayian hakukata mbuzi bila kujua anamkatia nani.

Upande wa pili wa mbao alisimama Mutiso. Mutiso alitoka Machakos, mtu mwema, mcheshi, na ndiye aliyekuwa mkataji wetu wa panga. Wateja walimpenda kwa sababu hakuna sahani iliyochelewa mkononi mwake. Imani yake ilikuwa moja: nyama nzima ni nyama ambayo bado haijahudumiwa. Ukimwachia paja, ukageuka kupiga chafya, ukirudi unakuta vipande na kachumbari. Mutiso akiinua panga, Lemayian alikuwa anafumba macho. Walipendana hivyohivyo.

Sasa vyombo. Vyombo vilianza siku ya ngurario ya Wanjiru.

Wanjiru alikuwa binti wa Mzee Githinji, mwenye boma kubwa ukitoka mjini kuelekea Isinya. Aliyemtaka alikuwa Lekishon, mtoto wa kaka yake Lemayian, yule kaka wa ng'ombe wa golini. Walipendana kwenye kwaya. Githinji hakutaka kusikia. Alisema binti yake atapelekwa kule Kajiado ndani ambako maji huletwa na punda, na punda akigoma watu hawanawi uso. Mama yake Githinji, ambaye sote tulimwita Cucu, yaani bibi yetu, ndiye aliyemlainisha. Hata alipokubali, Githinji alikubali akiwa ameshika mlango. Aliwaambia wakwe mbele ya kila mtu, "Sawa. Lakini mila yetu ifuatwe yote. Kitu moja ikikosekana, mnarudi kwenu na mambo imeisha." Na alilisema akitumaini kitakosekana, nilimwona.

Kwa wale ambao si Wakikuyu niwaeleze. Ngurario ndiyo sherehe inayofunga ndoa kimila, nyumbani kwa kina msichana. Mbuzi wanachinjwa wengi, lakini kitu kinachongojewa ni kimoja: kiande, yaani bega la mbuzi, limechomwa zima. Bwana harusi analikata mbele ya watu wote na kumpa bibi harusi, naye anakula. Hapo ndipo ameolewa. Bila kiande mmekula tu nyama mkaenda nyumbani.

Kina Lekishon walituajiri sisi tuchome. Lemayian siku hiyo alikuwa mgeni, mzee wa upande wa kijana, na watu wa upande wake walimkataza kabisa kushika kazi. Lakini mtu huyo kuona mbuzi wanakatwa na watu wengine ni kumtesa. Asubuhi akaja nyuma ya jiko eti kutusalimia, akavua koti, akachagua mbuzi mmoja, na bega likatoka mkononi mwake limelala vizuri, bila mkwaruzo. Akanipa. "Hii ndio ile Koko anangoja," akasema. Ndivyo alivyomwita Cucu kwa Kimaasai. "Hii ni ile ya watoto. Choma wewe mwenyewe."

Nikalichoma mwenyewe. Nilisali Baba Yetu mara nyingi kuliko padri. Likaiva likang'aa, nikaliweka kwenye sinia, nikalifunika, nikaliweka kando. Mara nikaitwa hemani nikasalimie wazee, na wazee wa Kikuyu hawakusalimii bila kikombe cha supu. Nikanywa.

Niliporudi, Mutiso alikuwa anapangusa panga kwa furaha. "Karibu boss," akasema. "Ile ilikuwa imebaki nimekumalizia. Nimepeleka meza kubwa, ilikuwa imeiva vizuri sana."

Nikatazama sinia. Lilikuwa tupu. Kwenye mbao kulikuwa na unga wa mfupa.

"Mutiso," nikasema, "hiyo ilikuwa kiande."

"Kiande ni nani?"

Nikamweleza. Kadiri nilivyomweleza ndivyo alivyoshuka, mpaka akawa ameketi juu ya debe la maji, mikono kichwani. "Hiyo bega ilikuwa ya harusi?" akauliza. "Na nimeitia kachumbari?" Nikatafuta bega jingine. Hakukuwa na bega jingine juu ya uso wa dunia. Mutiso alikuwa ameshayapitia yote, na wageni walikuwa wameshayamaliza.

Nikachungulia hemani. Kwenye meza kubwa, sahani ya kwanza, Mzee Githinji alikuwa anatafuna akiwa amefumba macho. Aliinua kipande akamwonyesha mzee wa jirani. "Hii," akasema, "hii ndio nyama." Mbele yake palikuwa na ule mfupa bapa wa bega, ambao hakuna mfupa mwingine unaofanana nao, umepasuliwa katikati kwa panga. Baba wa bibi harusi alikuwa amekula kiande cha binti yake.

Na mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Sasa tunaomba kiande."

Shangazi wakaanza kuimba. Lekishon akasimama, kisu kipya mkononi, anatabasamu. Wanjiru akasimama akimtazama baba yake, kwa sababu alimjua kuliko sisi sote. Mimi na Mutiso tulibaki nyuma ya jiko na sinia tupu.

Mutiso akajaribu kusimama. "Naenda kusema ni mimi," akasema, nikamrudisha kwenye debe. Nikawaza akienda itakuwaje. Watauliza, ulikata ukapeleka wapi? Meza kubwa. Nani alikula? Na hapo, mbele ya koo mbili, Githinji ataonekana na mfupa. Mtu wa aina ile ukimwaibisha hivyo hakupi binti yake hata mbinguni.

Lemayian alikuwa ameshuku kitu, akaja. Akatazama sinia, akatazama mbao, akamtazama Mutiso. "Imeenda wapi?" akauliza. Nikamwonyesha hemani kwa kidevu. Akamtazama Githinji akitafuna, akamtazama muda mrefu. Kisha akachukua panga la Mutiso, akaweka sinia kwapani, akatembea mpaka katikati ya uwanja. Nyimbo zikanyamaza. Mkwe ameingia kwenye ngurario akiwa na panga, hata mimi ningenyamaza. Nikamfuata mbio, sijui nikamsaidie nini.

"Wazee," akasema, "mimi naomba msamaha. Ile bega niliikuta imekaa tu, nikaikata. Sisi wageni tukaikula. Mimi sikujua mila yenu."

Mjue mtu huyo ni nani. Upande wa wageni walikaa wazee wa Kajiado, rika lake, watu ambao wamekula mbuzi wake maisha yao yote, na ambao wakiona nyama iliyokatwa vibaya husema, "Hii haijapita kwa Lemayian." Hilo ndilo jina alilokuwa nalo. Hakuwa na shahada wala cheo, alikuwa na mkono. Na sasa ameinua mbele yao panga lenye unga wa mfupa anasema ni lake. Mzee mmoja wa rika lake akasimama kabisa.

"Lemayian, wewe? Na panga?"

"Mimi."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Nilikuwa na haraka," Lemayian akasema, na wazee wa Kajiado wakatazamana, wengine wakaanza kucheka, na nilijua kicheko hicho kitafika sokoni kabla yake. Sikuweza kuvumilia. Nikafungua mdomo niseme ukweli, na kiatu cha tairi kikatua juu ya vidole vyangu vya mguu kikakaa hapo.

Githinji akasimama. Siku yake ilikuwa imefika. "Si nilisema?" akaanza. "Nilisema kitu moja ikikosekana watu warudi kwao. Sasa oneni wenyewe. Watu wazima, wanakaa chini, wanakula kiande ya msichana yangu. Mimi nauliza, hiyo ni tumbo ya aina gani? Mtu anatafuna kitu kama hiyo, inapita kwa koo namna gani, hasikii hata aibu..."

Akainamisha macho kutafuta maneno zaidi, na macho yakaangukia sahani yake.

Nilimwona akiutambua ule mfupa. Githinji amechinja mbuzi wengi, bega analijua. Akautazama. Akamtazama Lemayian, aliyesimama na panga akitazama mbali kuelekea mlima, kama mtu asiyejua chochote. Akautazama mfupa tena. Kisha, polepole sana, mkono wa Githinji ukaenda kwenye sahani ya chapati, ukachukua moja, ukaufunika mfupa.

"Lakini," akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "watu ni watu." Akapangusa mafuta kidevuni. "Mama, wewe unasemaje?"

Cucu alikuwa ameketi mbele, mkongojo magotini. "Alipe mbuzi," akasema. "Achinjwe saa hii. Tunangoja."

Lemayian alikuwa amefunga beberu mmoja mwekundu kwenye ua, zawadi yake kwa Githinji ya baada ya sherehe. Huyo ndiye aliyetolewa kuwa faini. Na kwa kuwa yeye ndiye mkosaji, hakuna aliyeweza kumkataza kumchinja. Akavua koti, akatoa kile kisu chembamba. Shangazi waliokuwa wakiimba wakaja kusimama karibu, na sauti za wimbo zikafa moja moja. Siku hiyo hakusimulia hadithi ya ng'ombe. Bega likatoka zima, limetulia. Nikaliweka motoni, na mtu akaja kunipepea makaa kwa kipande cha katoni. Nikainua uso nikakuta ni Mzee Githinji, amekunja mikono ya shati. Alipepea kwa nguvu mpaka nikamwomba apunguze, tulikuwa tunachoma nyama, si kufua chuma.

Lekishon akakata, Wanjiru akala, akina mama wakapiga vigelegele. Ikawa ndoa.

Baadaye Cucu akamwita Lemayian, nami nilikuwa nakusanya masinia pale karibu. Alikuwa na kipande cha mfupa kiganjani, kimoja cha vile vya panga. "Mkwe," akasema, "mkono ilitoa hii bega ya mwisho sio ile ilikata hii."

"Niko na mikono mbili, Koko," Lemayian akajibu. Cucu akacheka mpaka mkongojo ukaanguka, akakitupa kile kipande kwenye nyasi, na hakumwambia mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo ninapopataka. Siku hiyo nywele za mikono hazikusimama. Jambo lilikuwa mahali pengine. Kulikuwa na joto hapa, chini ya mfupa wa kifua, na macho yalijaa machozi. Nikasema ni moshi, ilhali nilikuwa nimesimama upande upepo unakotoka. Sikutamani kunoa kitu. Nilitamani kuwa mtu mzuri, na nilitaka kuanza mara moja, kwa yeyote aliye karibu. Nikamsaidia shangazi nisiyemjua kusugua sufuria. Njiani kurudi nikavuka barabara nikamsalimia yule jirani wa mbavu, nikamwambia mbavu zake ni tamu, naye akanitazama kwa hofu akarudi nyuma ya kaunta. Nikafika nyumbani nikakunja mikono nikaosha vyombo vyote, na vile visafi pia.

Mama Wambui alisimama mlangoni akanitazama kitambo. "Baba Wambui," akasema, "umefutwa kazi?"

Nikamweleza yote. Akaketi, akasema maskini Lemayian. Tangu siku hiyo, akinikuta kwenye karai la vyombo haulizi nimekula nini. Huuliza, "Leo umeona nani?"

Mutiso naye hakunoa wala hakuosha. Lililompata lilikuwa la namna yake, lilimtaka Lemayian tu, hakuna mwingine. Kila akitoka kwao alimbebea mbaazi, asali, kuku, mpaka Lemayian akanilalamikia kwamba mbuzi wake wamejifunza kula mbaazi na hawataki tena majani. Na kule Kajiado wakampachika jina: Lemayian wa Panga. Watoto walimwita hivyo, wazee walimwita hivyo. Akipewa mbuzi wa kukata kwenye sherehe, lazima mmoja amletee panga, watu wacheke. Mutiso alitaka kwenda sokoni kupaza sauti aseme ukweli. Lemayian akamkataza. "Githinji bado ni mkwe," akasema. "Wewe kaa na mbaazi yako."

Jina lile liliniuma mimi kuliko yeye. Nilimwona akizeeka nalo.

Mnajiuliza basi kwa nini nawaambia leo, na kama ni siri nimeivunja. Si mimi niliyeivunja. Juzi Wanjiru na Lekishon walikuwa na sherehe ya shukrani kwa ajili ya mtoto wao wa mwisho, kule Kajiado, na kina Githinji wakaja, na mimi nikapelekwa na magoti yangu. Kulikuwa na mbuzi wa kukatwa, Lemayian akaitwa, na mzee mmoja kama kawaida akamnyooshea panga, watu wakacheka. Githinji alikuwa ameketi kwenye kiti cha wakwe. Amezeeka, anashika fimbo. Akasimama, na kila mtu alidhani anataka choo.

"Hiyo panga rudisheni," akasema.

Akaegemea fimbo, akaendelea.

"Siku ya ngurario, yule alikula kiande si Lemayian. Ilikuwa hapa." Akapiga tumbo lake. "Niliikula yote. Nikafunika mfupa na chapati. Na huyu mzee alijua, akasimama pale, akanyamaza, ndio mimi nisiaibike mbele ya watoto wangu. Na hata hakuikata yeye. Huyu hajawahi kukata mfupa na panga. Mimi nimekaa na hii maneno miaka yote na imenichosha."

Wazee wa Kajiado wakageuka wote kumtazama Lemayian. Yule aliyenyoosha panga akalishusha, akatafuta mahali pa kuliweka, akalikalia. Na Lemayian, ambaye hakuona haya siku ile mbele ya koo mbili, sasa aliinama akatazama viatu vyake vya tairi, masikio yamebadilika rangi, akasema kwa sauti ndogo, "Si tule jameni."

Githinji akaketi. Wanjiru akaenda akapiga magoti karibu na kiti cha baba yake, akaweka kichwa kwenye mkono wake, na yule mzee mkali akalia waziwazi, bila kusingizia moshi.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata koti. Nilikwenda moja kwa moja kwenye karai. Mama Wambui akaja mlangoni.

"Leo umeona nani?"

"Githinji," nikasema.

"Githinji? Yule wa chapati?"

Nikamweleza nikiwa nimempa mgongo, nikisugua sufuria ya ugali. Nilipomaliza nikageuka, nikamkuta amechukua kitambaa, amesimama kando yangu, anapangusa sahani moja moja na kuzipanga. Yeye hakuwa Kajiado siku hiyo. Hakuona kitu chochote. Alisikia tu.

Na nyinyi leo mmesikia tu, kama yeye. Kesho nitawauliza mama zenu kama kuna sufuria iliyooshwa.